Chupa ya Tatu ya Bwana Lakiri

Akena, bwana afya, alikuwa na harufu yake, na watu wa soko la Bwera waliijua hata kabla baiskeli yake haijatokea kwenye kona: harufu ya lakiri iliyochomwa, nta ile ya kugongea muhuri. Mfukoni mwa kaptula yake ya kaki hamkukosa kijiti cha lakiri nyekundu, kibiriti, na muhuri mdogo wa shaba wenye picha ya korongo wa serikali. Akikitilia shaka chakula chako, alikijaza katika chupa tatu mbele ya macho yako, akaziba kwa kizibo, akadondoshea lakiri, akagonga muhuri. Chupa ya kwanza ilikwenda Entebbe kwa wapimaji. Ya pili ilibaki kwako mwenye mali, usije ukasema umesingiziwa. Ya tatu aliitunza mwenyewe mpaka shauri liishe. Basi jina la Akena likasahaulika, akabaki Bwana Lakiri, na wala hakukasirika. Wanaomjua wanasema alilipenda.

Na mtu asidhani alikuwa mla hongo. Thubutu! Mkungu wa ndizi uliopelekwa nyumbani kwake ulirudi ulikotoka siku ileile, tena kichwani mwa yule aliyeuleta.

Ukali wake ulikuwa na sababu moja, ambayo hakuisema ovyo. Kwao kaskazini, Gulu, alipokuwa bado shuleni, mama yake aliugua tumbo. Akapita mchuuzi mmoja mwenye maneno matamu na chupa isiyo na jina. Mama akanywa vijiko vitatu, na siku ya pili akazikwa. Hakuna aliyejua hata leo kilichokuwa ndani ya chupa ile. Akena alipokwenda kusomea mambo ya afya alijiapiza kwamba popote atakapotumwa, mtu hatakunywa kitu kisichojulikana eti ni dawa.

Mwaka wa 1967 akatumwa Bwera. Alifika na mkewe Lamunu, sanduku la bati, na tumbo lake bovu. Ndiyo, bwana afya mwenyewe alikuwa na tumbo bovu! Lilijaa gesi, likanguruma kwenye mikutano ya wazee mpaka watu wakatazama dirishani kama mvua inakuja. Alikunywa dawa ya magnesia asubuhi na jioni, na hali ikawa ileile.

Siku zile Bwera ilikuwa Bwera kweli. Ijumaa, umande haujakauka, wachukuzi wa Kyarumba walikuwa wameshashuka mlimani na magunia ya maharage kichwani. Wakongo walikuwa wameshavuka mpaka na vitenge vyao, na wachimba shaba wa Kilembe waliokuwa likizoni walitembea na viatu vya kung'aa utadhani wanakwenda harusini. Kikonzo huku, Kiganda kule, na katikati Kiswahili cha kila namna, hiki kimevunjwa, kile kimeungwa, na watu wakaelewana vizuri tu. Anayelikumbuka soko lile halisemi bila kumeza mate.

Na mate mengi yalimezwa kwa ajili ya Kiconco. Alikuwa Mnyankole, mjane wa mchimba shaba, mwanamke mnene mwenye ulimi usiolala. Aliuza maziwa ya mgando. Wafugaji wa Busongora walimletea maziwa mabichi kwa baiskeli, naye akayalaza kwenye vibuyu. Vibuyu hivyo havikujua sabuni. Vilisuuzwa kwa maji, vikafukizwa kwa moshi wa nyasi kavu za kwao, ndipo kila kimoja kikatiwa kikombe kimoja cha maziwa kutoka kibuyu kikubwa kilichokaa ndani, nyuma ya kitanda. Kibuyu hicho kikubwa hakikumalizwa hata siku moja, wala hakikuoshwa. Kilichoganda ndani yake, chini kabisa, Kiconco alikiita mama. "Mama ndiye anazaa," alikuwa akisema. "Mimi nachunga watoto tu."

Alikuwa amepewa mama huyo siku ya kuolewa. Mama yake mzazi alimfungia kidogo katika kibuyu, naye mama mzazi alifungiwa na nyanya. Kwao ndivyo ilivyokuwa: mama wa maziwa hapewi jirani, hapewi mwana wa kiume, hapewi mke wa mwana. Hupewa binti. Na Kiconco, Mungu na mambo yake, alijaliwa wavulana wanne watupu. Mama yake mzazi alikuwa amekwisha kufa, dada hakuwa naye. Mama yule wa maziwa alikuwa amebaki pale tu, nyuma ya kitanda chake, Bwera.

Alikuwa na desturi nyingine iliyowachekesha wageni. Kila kibuyu alichokifungua, alimimina kikombeni na kunywa yeye kwanza, funda zima, mteja akimtazama. Ndipo auze.

Mteja wake mkubwa alikuwa Sosthène, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, Mkatoliki wa rozari shingoni na sauti ya kengele. Tumbo lake lilikuwa limemtesa miaka mitatu. Alikunywa maziwa ya Kiconco miezi miwili, akapona, na tangu hapo akajifanya mpiga debe bila kuombwa.

"Mukuye, bamama na bapapa! Maziwa ya mama Kiconco iko dawa! Tumbo yangu ilishinda badokta, sasa munione!" Akalipiga tumbo lake, pa!

Neno dawa likamfikia Akena akiwa kwenye kibanda cha nyama. Akaacha nyama, akaja.

"Nani anauza dawa hapa?"

"Hakuna dawa, afande," akasema Kiconco. "Ni maziwa."

"Huyu anasema dawa."

"Huyu ni Mukongo, afande. Iko na mdomo kubwa."

Watu wakacheka. Akena hakucheka. "Nakuuliza wewe, mama. Inaponya au haiponyi?"

Kiconco akafikiri. "Mimi nauza. Tumbo ndiyo itasema."

"Sikiliza. Chakula ni chakula, dawa ni dawa. Kama ni dawa, lete cheti. Kama ni chakula, hakuna kudanganya mtu atapona. Na kama ni uchafu, namwaga sasa hivi. Twende nyumbani kwako."

Nyumbani ilikuwa hatua hamsini tu nyuma ya soko. Akena akainamia kibuyu kikubwa, akanusa, akaona ukoko mweupe umeganda ndani.

"Hii ya chini ni nini?"

"Ni mama."

"Ya tangu lini?"

"Sijui, afande. Nyanya yangu alikuta iko."

Akena akarudi nyuma hatua moja. Mabaki ya tangu enzi za nyanya! Chuoni walikuwa wamemfundisha kwamba vijidudu ni maadui, wote, kama jeshi la wavamizi. Hakuna aliyemwambia kwamba baadhi yao ni walinzi. Akatoa chupa zake tatu, akazijaza kutoka kibuyu kilekile, akawasha kibiriti. Ya kwanza ikaandikwa Entebbe. Ya pili akamwachia Kiconco na kumwonya asiiguse. Ya tatu akaitia mfukoni.

Halafu akatoa amri, na amri hiyo ilikuja kumnyima usingizi. Mpaka Entebbe wajibu, maziwa yachemshwe, na kila kibuyu kimwagwe, kioshwe kwa maji ya moto na unga wa klorini. Unga akampa yeye mwenyewe, bure, katika mkebe. Alidhani anamtendea wema.

"Hata ya mama?" Kiconco akauliza.

"Hasa hiyo."

Watu waliokuwa mlangoni walitegemea Kiconco atatukana, maana alijua kutukana. Lakini akasema polepole, "Mume wangu walimpigia filimbi atoke kwenye shimo. Akasema, ngoja nimalize kidogo. Mlima ikamfunika. Mimi naona amri, nasikia amri." Akakibeba kibuyu kikubwa nje kwa mikono miwili, akakimwaga kwenye migomba. Akena alisimama palepale mpaka alipohakikisha kimeoshwa.

Chupa ya tatu haikuweza kukaa ofisini. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha bati, mchana moto kama tanuri. Akena akaipeleka nyumbani, akaiweka nyuma ya mtungi wa maji, penye baridi, akamwambia Lamunu, "Hii ni ya serikali. Usiiguse."

"Nani aguse maziwa ya serikali?" akajibu Lamunu.

Siku chache baadaye Lamunu akaanza kumwekea mumewe kikombe cha maziwa mazito asubuhi, pamoja na muhogo wa kuchemsha. Matamu kwa ukali wake, laini, yana harufu ya mbali ya moshi. Akena akamaliza kikombe, akaomba kingine.

"Unayatoa wapi haya?"

"Kwa ng'ombe," akasema Lamunu bila kugeuka.

Kufika Ijumaa, tumbo lilikuwa limenyamaza. Alihutubia mkutano wa wazee saa nzima na hakuna aliyetazama dirishani. Akasifu magnesia.

Ijumaa hiyohiyo Kiconco alikuja sokoni na maziwa ya amri: yaliyochemshwa, kwenye vibuyu vyeupe pe vinavyonuka klorini. Wateja walikuwa wamepanga foleni, Sosthène mbele. Kiconco akafungua kibuyu cha kwanza, akamimina, akanywa. Akatema. Akafungua cha pili, akanywa, akatema. Cha tatu alikinusa tu. Akafunga vibuyu vyote, akavipanga kichwani, akasimama.

"Leo hakuna maziwa," akasema. "Hii imeoza. Mutu akikunywa itamuumiza."

Watu wakampisha. Sosthène akamgeukia Akena, na safari hii sauti ya kengele ilikuwa chini. "Shefu, uliua mama."

Akena alipanda baiskeli yake akijiambia kwamba amethibitisha. Maziwa yalikuwa mabaya tangu mwanzo. Lakini njia nzima kitu kilimchoma. Mwanamke yule angeweza kuuza. Foleni ilikuwepo, na hakuna aliyekuwa anajua isipokuwa yeye. Alikunywa kwanza, akatema, akaenda zake na hasara yake. Na yule mchuuzi wa Gulu, Akena akakumbuka, na kumbukumbu ikamfanya ashuke baiskeli na kusimama kando ya njia: yule mchuuzi hakunywa. Mama yake Akena alimkaribisha aonje, na yeye akasema tumbo lake ni zima, hana haja. Miaka yote hiyo Akena alikuwa akiiwinda chupa, na hakuwahi kufikiri juu ya mdomo usioonja.

Kiconco hakurudi sokoni Ijumaa iliyofuata, wala ile ya baada yake. Watu walisema alijaribu mara tano kulaza maziwa. Yakaoza, yakavuta kama uji wa bamia, akayamwaga. Akaanza kuuza mahindi ya kuchoma. Pale alipokuwa akikaa na vibuyu, akakaa muuza sabuni. Akena akipita, watu walimsalimu kwa heshima yote, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi, maana zamani walimtania.

Wiki ya tano barua ikaja kutoka Entebbe. Aliisoma mara tatu akiwa amesimama. Wapimaji walisema sampuli haikuwa na uchafu wowote wa hatari. Walisema ukali wake unatokana na vijidudu vya kuchachusha, ambavyo havidhuru, na kwamba ukali huohuo ndio unaozuia vile vibaya visiote. Kwa hiyo ni chakula salama, kiuzwe, mradi kitengenezwe vilevile kilivyotengenezwa siku ya kupimwa. Ila kisiitwe dawa, kwa kuwa hakuna aliyethibitisha kinaponya nini.

Vilevile! Majuto ni mjukuu, na mjukuu wa Akena alikuwa ameshaanza kutembea.

Angeweza kuitia barua kwenye faili na kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Lakini alipanda baiskeli mpaka kwa Kiconco, akamkuta anapukuchua maharage, akamsomea neno kwa neno, akimtafsiria.

"Kwa hiyo naweza kuuza?" Kiconco akauliza.

"Unaweza, mama. Serikali imekubali."

"Niuze nini?"

Akena akaikunja karatasi yake yenye muhuri. Ndipo akakumbuka ile chupa ya pili. Kiconco akaitoa juu ya dari, mahali palipopigwa na joto la bati wiki tano nzima. Kizibo kilikuwa kimepasuka pembeni, na ndani mmeota ukungu wa kijani. Kiconco akaifunika kwa kanga yake, kama mtu anayefunika maiti, asiione tena.

"Ngoja," akasema Akena. "Ngoja, mama. Iko ya tatu."

Alikanyaga pedali jinsi ambavyo hajawahi kukanyaga maishani mwake. Nyuma ya mtungi, chupa ilikuwepo. Akaitwaa, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Lakiri ilikuwa nzima. Akaitazama vizuri. Hapakuwa na korongo. Katikati ya lakiri palikuwa na duara, na ndani ya duara vitundu vinne.

Akajitazama kifuani. Kifungo cha pili cha shati lake la kazi kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi, na vingine vyote kwa uzi wa kaki.

"Lamunu!"

Mkewe akatoka jikoni akijifuta mikono, akaona chupa, akajua. Hakukimbia wala hakulia. "Kizibo kilifyatuka chenyewe," akasema. "Siku ya tatu tu. Pwaa! Nikadhani bunduki. Nusu imemwagika. Nusu nikaona itaharibika bure, na mama yangu hakunifundisha kutupa maziwa. Nikaitia kwenye kibuyu, nikaongeza maziwa mapya. Halafu nikaogopa, kwa sababu ulisema ni ya serikali. Nikaweka mengine ndani ya chupa, nikaokota lakiri, nikaiyeyusha, nikagonga kwa kifungo chako."

"Na iko wapi hiyo uliyoitia kwenye kibuyu?"

"Iko tumboni mwako," akasema Lamunu. "Kila asubuhi, wiki tano. Na nyingine iko pale, nyuma ya mlango. Kila siku nabakiza kidogo, naongeza."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga. Hawakusema na kikuponyacho. Akena akakaa kizingitini. Tumbo lake, tumbo lile la miaka kumi lililonyamazishwa na maziwa aliyoyapiga marufuku, likaanza kutikisika, na Lamunu akaogopa mpaka alipotambua kwamba mumewe anacheka. Alicheka mpaka machozi, kisha yakabaki machozi matupu.

Hawakungoja jua lipoe. Lamunu akakipakata kibuyu, akapanda nyuma ya baiskeli, wakaenda wote wawili. Kiconco alipowaona hakusimama. Akena alishamletea mengi.

Akena akamimina kikombeni. Akataka kumpa.

"Hapana," akasema Kiconco. "Mwenye kuleta anakunywa kwanza."

Akena akanywa, funda zima, akimtazama usoni. Ndipo Kiconco akapokea. Akanusa, akatia mdomoni, akakaa nayo ulimini bila kumeza. Kuku walikuwa wakiparua uani, na huko nje mtu alikuwa akimwita mbuzi wake. Kiconco akameza.

"Ni yeye," akasema. Kisha akaliita jina la mama yake mzazi, akalia kwa sauti kama watu wanavyolia anaporudi aliyedhaniwa amekufa.

Akena aliandika taarifa yake kwa ukweli: kwamba sampuli ya tatu ilifyatuka kizibo nyumbani kwake na lakiri ikagongwa kwa kifungo cha serikali. Wakubwa wakamletea onyo kali la maandishi, na kwa miaka minne hakupandishwa cheo. Akaongeza sheria moja ya soko la Bwera, ambayo haikuwa kwenye kitabu chochote: auzaye kinywaji anywe kwanza, mteja akiona. Muuza togwa akanung'unika, muuza pombe ya ndizi akafurahi kupita kiasi. Kiconco akarudi mahali pake, muuza sabuni akasogezwa. Na Sosthène? Alionywa rasmi juu ya neno lile, akatii kwa namna yake.

"Mukuye! Hii haiko dawa! Bwana Lakiri alisema, haiko dawa hata kidogo! Tumbo ikipona, ni shauri yake!"

Hata Akena alicheka siku hiyo.

Mwaka wa 1973 ikaja barua ya uhamisho, kurudi kaskazini. Nyakati zilikuwa zimebadilika, wanajeshi walikuwa wameshika nchi. Siku hizo mtu hakuuliza kwa nini anahamishwa. Siku ya safari walikuwa kwenye stesheni ya Kasese, sanduku la bati limeshapandishwa kwenye behewa, Lamunu amekaa dirishani, walipomwona Kiconco anakuja. Alikuwa ametoka Bwera kwa lori la pamba tangu alfajiri, kitambaa kichwani kimejaa vumbi, na amepakata kitu kilichofungwa kwa kanga.

Hakumsalimu Akena. Akaenda moja kwa moja dirishani.

"Lamunu," akasema. "Mimi Mungu alininyima binti. Nimefikiri miaka sita, naona nilikosea kuhesabu." Akamkabidhi mzigo kwa mikono miwili.

Lamunu akaufungua mapajani. Kilikuwa kibuyu kidogo, cheusi kwa moshi, kimezibwa kwa gunzi la mahindi. Akena akajiinua nyuma ya mkewe kutazama. Juu ya gunzi palikuwa na lakiri nyekundu, pengine kipande alichokiangusha mwenyewe sokoni, na katikati ya lakiri duara, na ndani ya duara vitundu vinne vya kifungo.

"Nani aliyekufundisha kugonga muhuri, mama?" akauliza Akena.

"Serikali," akasema Kiconco. Garimoshi likapiga honi. Akatembea sambamba na dirisha hatua chache, ameshika mkono wa Lamunu. "Ukifika, usikimalize. Siku zote bakiza kidogo."